Mkono wa Kushoto wa Mwanapili

Mimi ndiye nlomvunja mguu ndugu yangu Mwanapili. Hivyo ndivyo mtaa mzima wa Mtoni unavyojua. Ukiuliza pale, "Pandu yupi?", utaambiwa, "Yule fundi makubadhi, alomwangusha ndugu'ye pembeani." Makubadhi yangu ya ngozi, ambayo wallahi nayashona vizuri kuliko fundi yeyote wa Darajani, hakuna anayeyataja. Inatajwa pembea. Haya ntakayokueleza nnakueleza wewe kwa sababu hukai Mtoni na hatujuani.

Ilikuwa Sikukuu ya Idi, viwanja vya Mnazi Mmoja, sisi bado watoto. Mwanapili alikuwa na gauni jipya la waridi na kiherehere chake cha siku zote. Nlimpandisha kwenye pembea, nkasukuma, akaanguka. Nkamwokota. Mama alikuja mbio, buibui linamvuka, akampapasa mguu wa kushoto, kisha akanitazama. Akasema mbele za watu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza ubuyu: "Pandu, umemvunja mwenzio mguu!" Tulipofika nyumbani akanishika sikio. "Kuanzia leo, akitembea, wewe umshike mkono wa kushoto. Wa kushoto, umesikia? Mpaka nkwambie basi."

Hakunambia basi. Kafa, Mungu amrehemu, na hakunambia.

Basi nkamshika. Kwenda skuli, kwenda chuo cha Kurani, kwenda harusini, Pandu yuko kushoto kwa Mwanapili, nkimwachia tu anachechemea. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nnashika mkono. Siku watu walipokuja kumposa, wazee wa upande wa mume waliuliza kwa adabu, "Na huu mguu wa binti?" Mama akaniita sebuleni, akasema, "Muulizeni huyu. Alimsukuma pembeani." Nkainamisha kichwa, nkasema naam, ni mimi. Wakacheka, wakasema watoto ndivyo walivyo, posa ikapita. Nlitamani ardhi inimeze.

Nlipokuwa fundi, kitu cha mwanzo kushona kwa moyo wangu kilikuwa jozi ya makubadhi ya Mwanapili, la kushoto nimelizidishia soli ili ule mguu uinuke kidogo. Kila yakichakaa nashona mengine. Nlikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mguu ule upone kabla sijafa, hata kidogo, nami nipumue.

Usimwonee huruma lakini. Mguu wa Mwanapili unachechemea, mdomo haujachechemea hata siku moja. Tukigombana juu ya jambo lolote, shamba la marehemu baba au kipande cha nyama, yeye hunyanyua gauni kidogo akasema, "Pandu, mguu huu!" Basi, kashinda. Na ndiye kiongozi wa kikundi cha mazoezi pale kwetu. Alfajiri, baada ya sala, utawasikia barabara ya Bububu, wanawake na wanaume kwa fulana zao za kijani, wanakimbia pole pole na kuimba, na sauti inayoanza ni yake.

Mwaka jana goti lake la kushoto likaanza kuvimba. Kikundi kikakaa, kikamwambia kwa heshima zote kwamba matembezi makubwa ya Mwaka Mpya, yale ya vikundi vyote vya mazoezi kukutana mjini na kwenda mpaka uwanjani, yeye apande gari la spika. Alirudi nyumbani anafoka.

"Mimi? Nipakiwe garini kama gunia la mchele? Nshawaambia ntakwenda kwa miguu yangu. Na wewe Pandu, kama ungetulia siku ile na pembea yako, ningekuwa nnasemwa hivi?"

Nkamvua lile kubadhi la kushoto, nkalitazama soli.

Wakati huo huo akarudi Tahiya, bintiye, kutoka chuo kikuu bara. Watu wanasomea udaktari, wanasomea sheria, huyu anasomea kutembea. Nlimwambia, "Tahiya mwanangu, kutembea si ulifundishwa na mama'ko?" Akacheka, akanieleza kwamba inaitwa bayomekaniki, kwamba ni elimu ya mwili wa mtu unavyokwenda akiwa anakimbia, anaruka au anafanya mazoezi: mfupa gani unabeba, msuli gani unavuta, uzito unapita wapi. Ukijua hayo unajua kwa nini mtu anaumia. Utafiti wake wa mwisho ni juu ya wanawake wa vikundi vya mazoezi vya Unguja, na wa mwanzo kupimwa atakuwa mama yake.

"Kwa hiyo unaweza kumtengeneza ule mguu?" nkamuuliza.

"Naweza kuuona kwanza, mjomba. Hukitengenezi kitu hujakiona."

Sikulala kwa furaha, mtu mzima mimi.

Upimaji wenyewe ulifanyika uani kwa Mwanapili, wanawake watupu, mlango umefungwa. Tahiya anambandika mtu vibandiko vyeupe vidogo kwenye viungo, nyongani, gotini, kifundoni, kisha anampiga filamu akitembea. Komputa haichukui sura wala mwili. Inachukua vile vidoto tu, inaviunga kwa mistari, anatoka mtu wa vijiti anayetembea. Kwa hivyo hata bibi mwenye haya kupita wote alikubali. Tabu ikawa moja. Tahiya alitaka kuwapiga filamu siku kadhaa, vibandiko viwe mahala pale pale, lakini wakakataa kukaa navyo: kibandiko kinazuia maji, udhu na josho havitimii. Na wakivibandua, kesho hakumbuki vilikuwa wapi hasa.

Hapo akaingia mke wangu, Ummkulthum. Yeye ni mpambaji wa maharusi, hina yake inasifiwa mpaka Jambiani. Akasema, "Mwanangu, hina haizuii maji. Wewe nionyeshe mahala, mimi ntatia kidoto cha hina, kitakaa, na kila siku ubandike kibandiko chako juu yake." Tahiya akamkumbatia. "Mkaza mjomba, umeniokoa!" Akapapasa mifupa ya mama yake, akaweka alama za kalamu, akamwachia Ummkulthum kazi, akaenda kushughulikia kamera.

Baada ya wiki akanionyesha majibu. Mimi ni kaka'ke, na kumtazama mtu wa vijiti kuna haramu gani? Nkakaa mbele ya komputa, nkaona vijiti vinatembea vimenyooka sawasawa, huku na huku. Tahiya kakunja uso. "Mjomba, sifahamu. Hapa mama hachechemei."

Nkaruka. "Alhamdulillahi! Umepona!"

Mwanapili wakati huo huo anapita na sinia la chai, anachechemea mpaka vikombe vinagongana. "Nani kapona?" akauliza. Nkamtazama yeye, nkatazama komputa, nkamtazama tena yeye. Komputa inasema mzima. Macho yangu yanasema mbovu. Nkaona huenda mimi ndiye mgonjwa.

Tahiya alikaa na majibu yale siku nyingi, hali wala halali vizuri, mwalimu wake bara anamwandikia kwamba vipimo vyake haviingii akilini. Mpaka siku moja tunakula, Ummkulthum akasema kwa fahari zake: "Na mwanangu, we fundi wa kupima lakini si fundi wa kutia alama. Vidoto vya mama'ko ulivitia kombo, cha nyonga hii juu, cha hii chini. Mie nkakusawazishia. Hivi nitie hina huku na huku visilingane, watu wakiona watasema Ummkulthum kazeeka?"

Tahiya akaacha tonge njiani. "Ulisawazisha?"

"Nimesawazisha. Hina huku ikiwa hivi na huku lazima iwe hivi. Mpaka bibi harusi mwenye kidole kimoja kifupi mimi humlinganisha, haonekani."

Sijapata kuona mtu akicheka na kulia pamoja kama alivyofanya mtoto yule. Alikuwa amepima hina ya mke wangu, si mama yake.

Wakarudia. Safari hii Tahiya akabandika kwa mkono wake, kidoto cha hina akikiacha kando, na Ummkulthum akaambiwa akae jikoni. Akanuna. Majibu yakatoka, Tahiya akaniita tena, akafunga mlango. Mtu wa vijiti sasa anachechemea, ndiye Mwanapili mwenyewe, ningemjua hata sokoni.

"Mjomba, tazama. Mguu wa kushoto ni mzima."

"Nini?"

"Wa kushoto mzima. Mbovu ni wa kulia. Akisimama kwa mguu wa kulia, misuli ya nyonga ya kulia haiwezi kumshikilia, basi upande wa kushoto unazama. Watu wanaona kushoto kunazama, wanasema mguu wa kushoto. Lakini ubovu umejificha kulia."

Nkamwambia komputa yake imegeuza picha, kama kioo. Akanionyesha kwamba haikugeuza. Nkamwambia basi hina. Akaniambia hakuna hina. Nkasimama, nkatembea chumbani mwake kama Mwanapili, nkajaribu kuzama huku, nkajaribu kuzama kule, nkachanganyikiwa nisijue hata mimi mwenyewe natembeaje. Tangu siku ile nikishuka ngazi nafikiri.

"Na makubadhi uliyomzidishia soli la kushoto," akasema kwa sauti ya chini, "naona ndiyo yanayoliumiza goti. Unaunyanyua mguu usiohitaji kunyanyuliwa."

Hilo lilinichoma. Miaka yote nashona kwa mapenzi, kumbe nashona maumivu.

Mwanapili alipoambiwa alisema upuuzi, lakini alikwenda kupigwa picha ya eksirei. Mimi nlikuwepo, nimekaa kushoto kwake. Daktari aliinua zile picha dirishani akasema mfupa wa kushoto haujapata kuvunjika, hauna kovu wala ufa. Wa kulia, pale mguu unapoingia kwenye nyonga, kikombe chake hakina kina. "Ubovu huu umezaliwa nao, bibi," akasema, "hukuupata baadaye."

Tukatoka nje. Mwanapili kasimama juani, kashika bahasha ya picha, akanigeukia kwa hasira.

"Sasa nimlaumu nani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nikuulize nani basi? Mguu huu ndio ulonipa kauli nyumbani, leo naambiwa si huu! Na wewe miaka yote ukikubali, 'naam ni mimi, naam ni mimi.' Hukuvunja, mbona ukikubali?"

"Nliambiwa!" nkapiga kelele, watu wakageuka. "Mama alisema! Ningemwambia mama mwongo?"

Neno lile likatutisha sote wawili. Maana ama mama alikosea, ama hakukosea. Na yuko mtu mmoja tu alobaki wa kumuuliza: mama yetu mdogo, Bi Sichana, Mkokotoni. Tukaenda, mimi na Mwanapili, na Tahiya akatufuata.

Tulimkuta anamenya muhogo. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba, wanangu. Mbona mmekuja na nyuso za msibani?" Mwanapili akamweleza mambo ya picha. Bi Sichana hata kisu hakukiweka chini.

"Ala! Nyinyi bado hamjui?"

"Hatujui nini?"

"Mtoto wewe ulichelewa kutembea. Na ulipotembea ukawa unayumba kama bata. Mama'ko akawa, kila mkitoka nje, anakushika mkono huu." Akainua wa kushoto, na kisu mkononi. "Akikushika wa kulia unazama. Akikushika huu unakwenda kama watoto wenzio. Hata hiyo Sikukuu ya pembea mlikwenda hivyo hivyo."

Nkachuchumaa mbele yake. "Na pembea je, mama mdogo?"

"Pembea kaanguka, si kaanguka? Akalia, kavimba kidogo, ikaisha. Lakini mtoto wa kike alozaliwa hivyo, baba, siku ya posa watu watauliza, nani mwengine kwenu kazaliwa hivi? Watachimba mpaka kaburi la babu yenu. Alovunjika ni mwengine. Kuvunjika ni ajali, hakurithiwi. Mama'ko aliiona ile pembea akamshukuru Mungu."

"Na mimi?"

Akanitazama kama naulizia kitu kisichokuwepo. "Wewe mtoto wa kiume. Mwanamme akiposa, nani amuulize alomvunja nani pembeani?" Akarudi kwenye muhogo wake.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wanasema. Njia nzima ya kurudi nlitaka kumkasirikia mama, nkashindwa, maana keshakufa na maiti hasemwi. Nlitaka kufurahi kwamba sikuvunja mtu, nkashindwa pia. Kama si mimi nlomvunja, basi yule mtoto aloacha mpira akashika mkono alikuwa anafanya nini? Na yule kijana aloinamisha kichwa sebuleni? Nlikuwa kama mtu alofunguliwa jela akakuta hajui nyumba yake iko mtaa gani.

Mwanapili naye siku nyingi hakutoka alfajiri, jambo ambalo halijapata kutokea Mtoni. Hata nyimbo zilianzwa na mwengine. Nkamshonea makubadhi mapya, yote mawili soli sawa, nkayaweka mlangoni bila ya kubisha hodi. Akayavaa. Tahiya akampa mazoezi ya nyonga ya kulia, kulala ubavu na kunyanyua mguu asubuhi na jioni, na uvimbe wa goti ukaanza kupungua. Siku chache kabla ya Mwaka Mpya akanijia kibarazani kwangu, Darajani, mbele ya wateja.

"Ntawaambia watu," akasema. "Mtaa mzima. Ntawaambia hukunivunja."

"Na Tahiya?"

Tahiya ana mposaji. Watu wake wanakuja mwezi ujao, wazee wa zamani, wa kuuliza maswali. Tahiya mwenyewe anasema mtu anayechungulia nyonga za mama yake hamtaki, lakini mimi najua jinsi anavyoitika simu ya kijana yule.

Mwanapili akakaa kwenye kigoda. Macho yamemjaa maji. "Mimi sijui, Pandu. Nambie wewe. Unataka niseme?"

Nkashona. Mpaka anaondoka nshamaliza kubadhi zima.

Siku ya matembezi ilipofika, Mwanapili hakupanda gari la spika. Alisimama mbele ya kikundi chake kwa fulana ya kijani na makubadhi yangu. Mimi nimejipanga naye. Nlikuwa nimefikiri usiku kucha kwamba sasa nimejua ukweli, basi nifanye la kweli: mguu mbovu ni wa kulia, nami niende kulia. Ngoma na tarumbeta zikaanza, nkamshika mkono wa kulia, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Akazama, akanivuta, tukapepesuka sote wawili mpaka waliokuwa nyuma wakatukanyaga visigino. Nkamshika kwa nguvu zaidi, akazama zaidi. "Pandu, unaniangusha!" akanigutia, na neno lile, siku ile, Mungu anajua lilivyonipiga.

Tahiya akatukimbilia kutoka pembeni na kamera yake. "Mjomba, rudi kushoto!"

"Si umesema mguu wa kulia?"

"Ndiyo, na kwa sababu hiyo unamshika kushoto! Kushoto ndiko kunakozama. Ukimpa bega kushoto unamwinua, ile nyonga ya kulia inapumzika. Hata mkongojo tunampa mtu upande wa pili wa ubovu. Hilo ndilo la mwanzo kabisa tunalofundishwa."

Nkahamia kushoto. Akaweka mkono wake mahala pake, na mara ile akanyooka, tukaenda. Kanyooka vizuri mpaka akaanza kuimba, na watu wakamwitikia nyuma huko.

Mimi siimbi. Akilini nimekamatwa na ule mkono wa Bi Sichana ulioinuka na kisu. Akikushika wa kulia unazama. Wa kushoto, umesikia? Mama hakusoma bayomekaniki wala hakusoma kitu, lakini alijaribu mkono huu akajaribu na ule, akaona. Kisha akanitafutia mimi sababu ya kutouachia. Aliniongopea katika kila kitu siku ile, isipokuwa mkono. Nkalia pale pale njiani, na mpaka leo sikwambii kama nlilia kwa kumsamehe au kwa kumkasirikia, maana sijui.

Tulipofika Darajani, Ubwa muuza kahawa, ambaye tumekua pamoja, akatuona. Kacheka meno yote nje.

"Pandu! Mpaka Mwaka Mpya? Bado unalipia ile pembea?"

Nlimsikia Mwanapili akivuta pumzi. Alikata wimbo katikati, akamgeukia Ubwa, akafungua mdomo, nami nlijua anachotaka kusema. Nkaubana mkono wake wa kushoto.

"Bado," nkamwambia Ubwa. "Mama hajanambia basi."